Fundi Vioo Aliyejibu Kabla ya Swali

Nyuma ya karakana ya fundi vioo mmoja kulikuwa na rafu ndefu ya mbao iliyojaa vioo visivyo na wenyewe. Havikuwa na ufa wala doa. Vilikatwa kwa mkono uliokomaa, kingo zikasuguliwa hadi mtoto angeweza kupitisha kidole bila kujikata. Kosa la vioo hivyo lilikuwa moja tu: vyote vilikatwa kabla mteja hajamaliza kusema. Mteja anaingia, anavuta pumzi, anasema, "Fundi, nina dirisha langu la jikoni, upana wake sentimita arobaini," na pale pale kioo kimeshalazwa mezani, rula imekaa, kisu cha kigurudumu kimelia. Mteja anapomalizia kwa kusema "na nane," kioo kimekwisha kuwa viwili. Rafu hiyo mkewe aliiita Makaburini, na kila mwezi alikuwa akiipangusa vumbi huku akiwataja marehemu mmoja mmoja kwa vipimo vyao.

Mtaani fundi huyo aliitwa Dakika Tatu, na jina hilo halikutokana na kazi ya vioo. Lilitokana na chesi. Sasa, usije ukaniambia kwamba chesi ni mchezo wa watu wapole wanaoshika kidevu nusu saa nzima kabla ya kusogeza askari hatua moja. Chesi hiyo ipo, sikatai, na wanaoipenda waachwe na usingizi wao. Chesi ya Dakika Tatu ilikuwa ya mbio. Kila mchezaji anapewa dakika tatu za mchezo wote, mwanzo hadi mwisho, na pembeni mwa ubao inakaa saa moja yenye nyuso mbili na vitufe viwili. Ukishacheza unabonyeza kitufe chako: saa yako inasimama, ya mwenzako inaanza kukimbia. Dakika zako zikiisha, kibendera chekundu kinaanguka kwenye uso wa upande wako, na umeshindwa, hata kama malkia wako yu hai na jeshi lako limejaa uwanja mzima.

Mpinzani wake mkubwa alikuwa kinyozi wa mlango wa pili. Kila siku saa saba mchana kinyozi aligeuza kibao cha mlangoni, akatoa ubao chini ya sinki, na wawili hao wakakaa kwenye benchi la wateja, kete katikati yao. Kinyozi aliijua chesi kuliko Dakika Tatu. Hilo hata Dakika Tatu mwenyewe alilijua, ingawa usingemsikia akilisema. Lakini kinyozi alikuwa na ugonjwa wa kufikiri. Angemla mwenzake ngome, angemla malkia, angemzingira mfalme hadi hana pa kuhemea, kisha akiinua mkono kumaliza kazi, kibendera hicho, tap.

"Ubaoni nimekuua," angesema kinyozi.

"Ubaoni umeniua. Saani umezikwa wewe. Panga kete."

"Unajua tatizo lako, jirani? Kila siku unatoa farasi yule yule mapema, namla yule yule, halafu unaniponyoka kwa saa. Miaka kumi sasa. Huwezi kujifunza kosa ambalo halijawahi kukuuma."

"Na wewe miaka kumi unafikiri. Umefika wapi?"

Hapo kinyozi angenyamaza ili alifikirie jibu, na Dakika Tatu angekuwa ameshacheza hatua ya kwanza ya mchezo unaofuata.

Alikuwa na sheria moja aliyoiheshimu kuliko zote: dakika za mwenzako si zako. Saa ya mwenzako ikitembea, mikono mapajani, mdomo umefungwa, hata nzi akitua puani unamwacha amalize ziara yake. Mteja mmoja wa kinyozi aliwahi kukohoa kwa makusudi kinyozi akiwa anafikiri, na Dakika Tatu, ambaye ndiye angefaidika, alimtoa nje. Hapo ndipo ilipo ajabu ya mtu huyu. Kwenye ubao alikuwa bubu mwenye adabu. Akiinuka tu kwenye benchi, hakuna binadamu aliyewahi kumaliza sentensi mbele yake.

Tusimwonee, lakini. Mchezo huo ulimpa mambo mema ambayo wengi wetu tunayatafuta maisha yetu yote. Kwanza, hakuwa mtu wa kinyongo. Anayeshindwa mara nne kabla ya kurudi kazini hana nafasi ya kulea maumivu. Anapanga kete, anaanza upya. Ukimtukana asubuhi, mchana anakuja kukuazima ngazi. Pili, hakuwa mtu wa kuduwaa. Siku ile walipokuwa wakipandisha kioo cha duka ghorofa ya pili na kamba ikateleza, watu watatu waliokuwa chini walisimama wakikikodolea macho kana kwamba kioo kingebadili nia. Yeye ndiye aliyepaza sauti "Kiacheni" na kumsukuma aliyekuwa karibu hadi ukutani, yote kabla kamba haijamaliza kuachia. Kioo kikawa chenga, watu wakawa wazima, na yeye akawa tayari anapima kingine. Hata mke alimpata hivyo hivyo. Alimwona kwenye foleni ya posta, akamsalimia, akajitambulisha, akaposa, kabla dirisha namba nne halijafunguliwa. Yule dada alichukua miezi miwili kujibu, na mpaka leo anasema ile ndiyo miezi miwili pekee ambayo mumewe aliwahi kumngoja mtu.

Hasara zake zilikuwa ndogo ndogo, za kila siku, kama mchanga kwenye kiatu. Alijiunguza ulimi kila asubuhi kwa chai ile ile. Daktari wa meno alipoanza kumuuliza, "Je, ukitafuna kitu cha baridi," alijibu "hapana" akaenda zake, na jino likamtesa wiki tatu zaidi. Barua alisoma mstari wa kwanza, mingine akaikisia. Mkewe alipomwambia haraka haraka haina baraka, alimjibu chelewa chelewa utamkuta mwana si wako, na wote wawili wakaondoka kila mmoja akijiona mshindi.

Mwana wake mwenyewe alikuwa mmoja, binti wa miaka ishirini na mitatu, na kwa huyo hasara haikuwa ndogo.

Binti alikuwa na kigugumizi tangu utotoni. Si kwamba hakuwa na maneno. Alikuwa nayo mengi tu, na mazuri, ila yalikuwa yakisongamana mlangoni. Mtu mwenye subira angekaa, angengoja, neno lingetoka. Baba yake alimpenda kama mboni ya jicho lake, na subira hakuwa nayo hata chembe, na vitu viwili hivyo vikikaa nyumba moja huleta balaa. Akimwona mtoto anataabika na neno, alimsaidia. Alimsaidia asubuhi, mchana na jioni, miaka ishirini, na kwa kuwa hakuna aliyemwambia amekosea, aliamini hajawahi kukosea.

Kwenye karakana binti alikuwa na kona yake karibu na dirisha: meza, taa ya shingo ndefu, na kimashine cha mkononi chenye ncha ya kusaga. Alichora juu ya vioo. Kioo kimoja cha mlango kilimchukua siku nne au tano, na hakuna aliyethubutu kumharakisha, hata baba, kwa sababu vioo hivyo ndivyo vilivyowaleta watu kutoka mitaa ya mbali.

Jumatatu moja saa saba na robo, fundi akiwa kwa kinyozi anapambana, aliingia mama mmoja mwenye nywele nyeupe zilizokatwa fupi, buti za vumbi la saruji, na futi ya kupimia kiunoni. Alikuwa mhandisi. Alisimama muda mrefu mbele ya kioo chenye korongo watatu kwenye matete, kisha akauliza nani amekichora. Binti alijaribu kujibu, na yule mama akangoja. Hakuinamisha kichwa kwa huruma wala hakumsaidia; alingoja tu, kama mtu anayengoja chai ipoe. Binti alipomaliza, mhandisi naye akasema lake. Alikuwa anajenga hospitali ya watoto katika mji mwingine, safari ya siku nzima. Ukumbi wa kungojea ulikuwa na madirisha thelathini, na kila dirisha lilihitaji mchoro, ili mtoto anayengoja sindano awe na kitu cha kutazama. Ilikuwa kazi ya miezi minane, pamoja na mafundi wengine wanne, na alimtaka yeye. Jibu lilihitajika Jumamosi kabla ya saa sita mchana, la sivyo angemchukua mchoraji mwingine.

Binti aliitaka kazi hiyo kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka. Lakini hakutaka kuondoka bila ruhusa ya baba, na ruhusa yenyewe aliitaka kwa njia moja tu: aiombe kwa kinywa chake, na baba amsikilize hadi neno la mwisho. Jioni ile alimweleza mama yake kila kitu, kisha akamwapisha. "U-usimwambie wewe," alisema. "Wa-watu wote wananisemea. Hili nitalisema mi-mimi." Mama akaapa, na kiapo hicho kikamtesa wiki nzima.

Jumanne, saa saba ikikaribia, binti alisimama mbele ya meza ya kukatia. "Baba, na-nataka..."

"Ncha mpya za kusagia. Nimeshaagiza, zinakuja Ijumaa."

"Si hi-hizo..."

"Si hizo? Basi umechoka. Pumzika leo mchana, nitafunga mimi." Akampigapiga begani, akaenda zake kwa kinyozi na furaha ya baba anayemwelewa mwanawe.

Jumatano wakati wa chakula cha jioni alijaribu kuingilia mlango mwingine. "Baba, ku-kuna mtu..."

Dakika Tatu aliweka kijiko chini. Kuna mtu. Katika nusu sekunde aliona hatua sita mbele: kijana, wazazi wa kijana, kikao, harusi, mjukuu, mjukuu anafundishwa chesi. "Ana kazi?" aliuliza.

"Ndiyo, la-lakini..."

"Kazi gani?"

"Mhandisi," alisema binti, na kwa bahati mbaya neno hilo lilitoka bila kukwama hata kidogo.

"Mhandisi," alirudia baba, na macho yakamlowa. "Umesikia, mke wangu? Mhandisi."

"Mzee, mwache mtoto amalize," alisema mkewe.

"Amemaliza. Ana mtu, mtu ana kazi, kilichobaki ni lakini. Mambo ya lakini ni yetu sisi wazazi." Alinyanyuka, akampapasa binti kichwani, akatoka kwenda kumpa kinyozi habari. Binti na mama yake walibaki wakitazamana juu ya sufuria.

Alhamisi binti aliandika. Ulikuwa ujumbe mrefu wa simu, mistari arobaini, alioufuta na kuuanza upya mara tano. Ulimfikia baba wakati kinyozi anapanga kete. Alisoma mstari wa kwanza: "Baba, yule mhandisi niliyekuambia anataka jibu Jumamosi kabla ya saa sita." Akajibu hapo hapo, "Aje nyumbani saa nne, tutakuwepo," na simu ikarudi mfukoni.

"Mbona ujumbe wenyewe mrefu," alisema kinyozi, ambaye alikuwa amechungulia.

"Ukishaujua mwanzo, mwisho unajileta. Cheza."

Alasiri ile ile alimpigia simu dada yake mkubwa. Shangazi huyu alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na tangu astaafu alikuwa mtu anayetafuta hadhira. Aliahidi kuja, na kuja na hotuba. Binti aliposikia hayo alikaa jikoni akalia, kisha akacheka, kisha akalia tena. "Nyamaza," alisema mama yake akimfuta machozi kwa kiganja. "Mwambie mhandisi aje. Na Shangazi naye aje. Safari hii baba yako atakula alichokipika."

Jumamosi saa nne kasorobo sebule ilikuwa imejaa viti vya kinyozi, pamoja na kinyozi mwenyewe, aliyealikwa kama mtu wa karibu. Asubuhi ile alikuwa amemnyoa Dakika Tatu kwa dakika saba, akiambiwa afanye upesi dakika zote saba. Shangazi alikaa kwenye kiti kikubwa na karatasi iliyoandikwa pande zote mbili. Mlango ukagongwa, na akaingia mama mwenye nywele nyeupe, peke yake, buti mkononi, maana hakutaka kuchafua sakafu ya watu.

Dakika Tatu alimtupia jicho moja akapata jibu. Mama wa kijana ametangulia kuiangalia nyumba. Watu wenye busara, waliolelewa. Akamkonyeza dada yake.

Shangazi akasimama. "Mama, mgeni wetu, ujio wako ni heshima kwetu. Binti yetu ni mtulivu, mchapakazi, hana makuu, na tangu darasa la kwanza..." Hotuba ilifika darasa la sita ndipo Shangazi akageuza karatasi, na mhandisi akapata upenyo.

"Nashukuru sana," alisema. "Kwa kweli sikutarajia mapokezi makubwa hivi. Basi nami niseme kilichonileta. Nimekuja kuwaomba mniruhusu nimchukue binti yenu."

"Kwa mikono miwili," alisema Dakika Tatu.

"Mdogo wangu, ngoja," alisema Shangazi, ambaye alikuwa bado na ukurasa mzima mkononi. "Kwanza tungependa kujua, atakaa wapi?"

"Tumekodi nyumba nzuri. Atakaa na wenzake wanne."

"Wenzake," alisema Shangazi taratibu.

"Ndiyo. Wawili wameshafika, wawili wanakuja Jumatatu. Kila mmoja ana chumba chake, hilo msiwe na wasiwasi nalo. Jikoni wanapeana zamu."

Shangazi alikaa. Kinyozi aliuziba mdomo wake kwa kofia. Lakini akili ya Dakika Tatu, iliyozoea kuokoa michezo iliyooza, ilikuwa bado inatafuta njia. "Ila yeye ndiye atakayekuwa mkubwa wao," alisema.

"Hapana, kwangu wote wako sawa. Sipendi upendeleo."

"Na ni kwa muda gani?" aliuliza Shangazi kwa sauti nyembamba. "Nauliza tu."

"Miezi minane. Wakituridhisha tunaweza kuongeza."

Dakika Tatu alisimama. "Mama, naomba umwambie huyo mwanao wa kiume..."

"Mwanangu yupi wa kiume?" alisema mhandisi. "Wangu wote wawili ni mabinti. Kwani huyu hajawaambia?"

"Ameniambia yote."

"Jirani," alinong'ona kinyozi, "nadhani unacheza na kete ambazo hazimo ubaoni."

Hapo kila mtu akaanza kusema kwa pamoja, na aliyesema kuliko wote ni Dakika Tatu. Alimweleza mhandisi binti alichomaanisha, akamweleza Shangazi mhandisi alichomaanisha, akaanza kumweleza mkewe alichokuwa akikijua tangu Jumatatu. Binti alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na sinia la vikombe. Alifungua mdomo, na baba yake akamwinulia mkono. "Tulia, mwanangu, nitawaeleza mimi."

Binti aliweka sinia chini. Alikwenda kabatini, akaitoa saa ya chesi ya baba yake, ambayo kila jioni alirudi nayo nyumbani, akaiweka juu ya meza ndogo mbele ya kiti cha baba yake, akavuta kiti kingine akakaa upande wa pili. Nyuso zote mbili zilikuwa kwenye dakika tatu, maana mwenyewe hakuwahi kuiweka vinginevyo. Akanyoosha mkono, akabonyeza kitufe cha upande wa baba. Saa ya baba ikabaki imesimama, ya binti ikaanza kutembea.

Mdomo wa Dakika Tatu ulikuwa wazi na neno liko kwenye ulimi. Aliuona mshale unasogea kwenye uso usio wake. Miaka ishirini na mitano ya adabu ikamkamata shingoni. Mdomo ukajifunga, makalio yakarudi kitini, mikono ikashuka mapajani. Kinyozi, ambaye naye alikuwa muumini wa sheria hiyo, alisogeza kikombe mbali na saa na kukaa sawasawa.

"Baba," alisema binti, "hu-huyu mama ndiye mhandisi. Ha-hakuna m-mchumba."

Sentensi hizo mbili zilikula sekunde arobaini. Shangazi aliikunja hotuba yake mara nne akaitia mkobani.

Binti akaendelea. Alieleza hospitali, ukumbi, madirisha thelathini, watoto wanaongoja sindano. Maneno mengine yalipita, mengine yaligoma, na lilipogoma moja alilingoja yeye na sebule nzima ikalingoja pamoja naye, kwa kuwa hapakuwa na la kufanya. Alieleza kwamba hakutafutwa kwa sababu ya karakana ya baba. Alitafutwa kwa sababu ya korongo wake watatu. Dakika Tatu alifuata kila neno kwa macho. Mara tatu midomo yake ilijiumba yenyewe tayari kumsaidia, na mara zote tatu neno lililotoka kwa binti lilikuwa tofauti na lile aliloliandaa yeye. Hilo lilimtisha kuliko mshale wa saa.

"Ni-nimekuambia Jumanne," alisema binti. "Nimekuambia Jumatano. Alhamisi nimekuandikia. Ki-kila mara unanimalizia, na kila ukinimalizia una-unakosea, halafu unafurahi. Nilipokuwa mdogo niliacha kusema ninachotaka, nikawa nachukua ulichokisia, kwa sababu ni-nilikuwa nimechoka. Mayai, Baba. Mi-mimi sipendi mayai. Siku moja ulinikisia mayai, na ni-nimeyala kila asubuhi miaka kumi na saba."

Hakuna aliyecheka, ingawa kinyozi alikiri baadaye kwamba alikuwa karibu. Dakika Tatu aliyatazama magoti yake. Mayai hayo alikuwa akiyakaanga yeye mwenyewe. Kila asubuhi, hata siku za homa, aliamka akamkaangia binti yake mayai mawili, na kila alipomwona anamaliza sahani alijisifu moyoni kwamba hakuna baba anayemjua mwanawe kama yeye. Aibu ilimpanda hadi masikioni, na kwa kuwa saa haikuwa yake, hakuwa na ruhusa hata ya kusema samahani.

Ndipo kibendera cha binti kikaanguka, tap.

"Bendera," alisema kinyozi kwa mazoea, kisha akatamani ardhi ipasuke immeze.

Katika maisha yake yote Dakika Tatu hakuwahi kumsamehe mtu bendera. Hakumsamehe baba mkwe wake, hakumsamehe mgonjwa aliyecheza naye wodini. "Nimeiona," alisema. "Nyamaza wewe. Endelea, mwanangu."

Binti akaendelea, muda wake umekwisha, kwa muda ambao hakuna aliyeupima, mpaka akafika mwisho wake mwenyewe. "Na-naomba uniruhusu niende," alisema. "Lakini u-uniruhusu ukiwa umenisikia." Akabonyeza kitufe chake, na saa ya baba ikaanza kutembea.

Jibu lilikuwa limeshafika kinywani kabla kitufe hakijashuka. Nenda. Neno dogo, tamu, liko tayari. Na Dakika Tatu, kwa mara ya kwanza tangu alipofundishwa farasi anavyoruka, hakucheza hatua ya kwanza iliyomjia. Alifikiri. Aliifikiria ile kona ya dirishani na taa yake imezimwa miezi minane. Aliufikiria ule mji wa mbali, na watu wageni ambao huenda wangemngoja mwanawe amalize kusema, na huenda wasingemngoja. Alijiuliza kama "nenda" ya haraka ingekuwa ruhusa kweli, au ingekuwa yai lingine tu. Kinyozi alianza kutoka jasho, maana hakuwahi kumwona hivyo. Mhandisi, ambaye kungoja alikujua, alijimiminia chai. Kibendera cha pili kikaanguka, na Dakika Tatu hakukitazama.

"Hajambo kweli huyu?" alinong'ona Shangazi.

"Mwache," alisema mkewe. "Anafikiri. Hata mimi ndiyo kwanza namwona."

"Nimesikia," alisema Dakika Tatu mwishowe. "Nimesikia yote. Nenda, mwanangu. Nenda ukachore." Mhandisi aliweka kikombe chini akashusha pumzi. Dakika Tatu akauliza swali ambalo kweli hakuwa na jibu lake. "Unaogopa?"

Binti alifungua mdomo, na neno likakwama. Lilikwama vibaya kuliko yote ya asubuhi ile. Watu wote sebuleni walishalijua. Shangazi alikuwa ameshainama mbele kulisema, na mke wa fundi akamshika goti. Dakika Tatu naye alilijua, au alidhani analijua, kama alivyokuwa akiyajua mayai. Saa ilikuwa imekufa pande zote mbili, wala hapakuwa tena na sheria ya kumzuia. Machozi yakimtiririka mbele ya kinyozi bila aibu, akangoja.

"Ni-nina furaha, Baba," alisema binti.